Msitu wa kijiji sio shamba la bibi: tuelewane kwanza ni wa nani, na unarudije ukishakatwa

Kila zikipita habari za vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi kulipwa pesa za kaboni (yani malipo ya kulinda msitu wao usikatwe), magrupu ya WhatsApp ya kwetu yanawaka. Mmoja anauliza na sisi zetu lini, mwingine anasema hapo wazungu wameshanunua ardhi ni vile wanakijiji hawajajua tu, wa tatu anasema msitu wa kijiji maana yake wa kwetu sote kwa hiyo kila mtu akate anachotaka, wa nne anamjibu miti yote nchi hii ni ya serikali hata huo ulioko nyuma ya choo chako. Nimeyasoma haya muda mrefu nikinyamaza, ila naona tunapika vitu vinne tofauti kwenye sufuria moja na ndo maana hatuelewani. Naomba niwatenganishie taratibu, nianzie chini kabisa.

Kwanza msitu wenyewe. Tukisikia neno msitu wengi wetu tunawaza Amani au Udzungwa, giza, ukungu, miti mirefu mpaka shingo inauma ukiangalia juu. Ile ni misitu kweli ila ni sehemu ndogo sana. Sehemu kubwa ya misitu ya Tanzania ni kile tunachokiita pori tu: miti imeachana achana, jua linafika chini, nyasi zinaota katikati, kiangazi majani yanapukutika na moto unapita. Huko ndiko kuna miombo, toka Tabora, Katavi, Lindi mpaka Ruvuma, na inaendelea kuvuka Zambia, Msumbiji, Angola na Kongo. Tathmini ya taifa ya misitu, ile ya NAFORMA, ilikuta tuna kama hekta milioni 48 za misitu, zaidi ya nusu ya nchi, na karibu nusu ya hizo hekta ziko kwenye ardhi ya vijiji. Soma tena hiyo ya mwisho. Haziko kwenye hifadhi zenye geti na askari, ziko kwenye ardhi ya vijiji, kule ambako mama anaokota kuni na mzee anatundika mizinga.

Shida ya neno pori ni kwamba linatufanya tuone kama kitu cha bure, kisicho na mwenyewe, kinachosubiri mtu afike afyeke. Lina mwenyewe kisheria, twende hapo.

Kwa ufupi msitu unaweza kuwa wa serikali kuu (huu unasimamiwa na TFS, wakala wa misitu wa serikali), wa halmashauri ya wilaya, wa kijiji, au wa mtu binafsi. Sera ya Misitu ya 1998 ndo ilifungua mlango wa wananchi kushirikishwa, halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ikaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kisha Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ikasema kijiji kinaweza kutenga msitu wake kikautangaza kuwa hifadhi ya kijiji na kuusimamia chenyewe. Hizi sheria mbili zikisomwa pamoja ni kitu kikubwa sana, nchi nyingi za Afrika hazikufika hapo.

Hapa ndo watu wanachanganya mambo mawili yanayofanana jina. Kuna usimamizi wa pamoja na kuna usimamizi wa jamii. Usimamizi wa pamoja ni pale msitu unabaki wa serikali ila vijiji jirani vinasaini makubaliano ya kusaidia kuulinda, na kama shukrani vinaruhusiwa vitu fulani kama kuni zilizokauka, uyoga, dawa, kuweka mizinga. Usimamizi wa jamii ni pale msitu uko ndani ya ardhi ya kijiji na kijiji ndo mwenye nyumba. Fikiria tofauti ya kulinda nyumba ya mtu na kuishi kwenye nyumba yako, kwenye nyumba ya mtu unaweza kupewa chumba na chakula lakini hujui mwisho wa mwezi utapewa nini, na kweli kwenye usimamizi wa pamoja swali la mgao lilining'inia miaka mingi bila jibu, watu wanafanya doria usiku faida haionekani, mwisho wanachoka. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tulishirikishwa msitu hatukuona chochote" usimbishie, muulize kwanza ni aina gani ya msitu.

Sasa wale wa "ni wetu sote tukate". Wote mnajua VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Pesa iliyoko kwenye sanduku ni ya wanachama wote, sio ya mwenyekiti wala ya mweka hazina, lakini hakuna mwanachama anaamka asubuhi anafungua sanduku anachukua elfu hamsini eti kwa sababu ni yake. Kuna katiba, kuna siku ya kukopa, kuna faini, kuna funguo tatu kwa watu watatu. Msitu wa kijiji ni hivyohivyo. Sanduku ni msitu, katiba ni mpango wa usimamizi pamoja na sheria ndogo, wenye funguo ni kamati ya maliasili ya kijiji, na kikao kikubwa kuliko wote ni mkutano mkuu wa kijiji, yani kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea. Mipaka inapimwa, miti inahesabiwa, wanakubaliana eneo gani halikatwi kabisa (mara nyingi ni vyanzo vya maji) na eneo gani litavunwa na kwa kiasi gani, sheria ndogo zinapita mpaka baraza la madiwani la wilaya, ndipo msitu unatangazwa. Ukikata nje ya hapo umeiba, hata kama umezaliwa hapohapo na babu yako kazikwa hapohapo.

Na kwa nini mwenye nyumba analinda kuliko askari? Mfano wangu huwa ni Duru-Haitemba, wilaya ya Babati. Ni miombo ya kama hekta 9,000, vijiji 8 vimeuzunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake, wapimaji wakaanza kuweka mipaka. Wanakijiji waliposikia unachukuliwa walifanya nini? Waliingia kukata haraka kabla haujaenda. Na mtu wa nje akiona vile anasema si mnaona, wananchi ni waharibifu, waondolewe. Kumbe walikuwa wanawahi chao. Mpango ule ulisimamishwa, na kufikia 1994 na 1995 vijiji vikakabidhiwa kila kimoja kipande chake, vikaweka sheria zao na walinzi wao, vijana wa hapohapo bila mshahara wa serikali. Uchomaji mkaa na ukataji holela ukashuka, msitu ukaanza kujifunga. Watu ni walewale, miti ileile, kilichobadilika ni jibu la swali "huu ni wa nani". Duru-Haitemba ni moja ya mifano iliyokuja kuchochea ile sheria ya 2002, kwa hiyo wakulima wa Babati walitangulia, sheria ikaja nyuma yao.

Naenda kwetu usukumani sasa na hapa mnivumilie nitakaa kidogo.

Ngitili. Kwa wasioijua, ni eneo la malisho linalofungwa. Mvua zikianza mifugo haiingii, nyasi zinaota mpaka kiunoni, miti inachipua, na kiangazi kikali kikifika, ile miezi ya Agosti Septemba ambapo ardhi imebaki nyeupe na ng'ombe wanahesabika mbavu, ndo mwenye ngitili anafungua. Na hafungui yote, anafungua kipande, wale wakimaliza anafungua kingine. Kwanza wanaingia ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia kwa sababu wao wana kazi mvua ikirudi. Ni kama ghala, ila ghala la nyasi lililosimama wima. Hakuna mtaalamu aliyekuja kuwafundisha Wasukuma hilo, ni lao toka zamani.

Halafu lilikaribia kufa. Miaka ya ukoloni vichaka vilifyekwa maeneo makubwa kumtokomeza mbung'o, baadaye pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, na miaka ya 70 ikaja operesheni vijiji, watu wakahamishwa kukaa pamoja wakaacha maboma yao na ngitili zao nyuma. Ngitili isiyo na mtu wa kuilinda inageuka njia ya ng'ombe wa kila mtu. Mwalimu Nyerere alipofika Shinyanga miaka ya 80 alishtuka mpaka akasema mkoa unageuka jangwa, na 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway. Wakati huo ngitili zilizojulikana kubaki mkoa mzima zilikuwa kama hekta 600 tu, na mkoa ule ulikuwa mkubwa, Maswa, Bariadi na Meatu ambazo sasa ziko Simiyu zilikuwa ndani yake.

Kitu kilichoisaidia HASHI ni kwamba haikung'ang'ania vitalu vya miche. Mwanzo ilikuwa miche miche miche, kama miradi yote, lakini walipokaa na wazee wakaona hawa watu tayari wana mfumo, unachohitaji ni kuupa nguvu tena. Basi kazi ikawa kwenye mikutano, kijiji kinakubaliana mipaka, dagashida (baraza la jadi la Wasukuma) linaweka kanuni na faini, sungusungu (ulinzi wa jadi wa kijiji) wanalinda, serikali ya kijiji inazitambua. Mradi ulipofungwa 2004 makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000 za ngitili kwenye vijiji 833. Toka 600. Bila trekta, bila kupanda miti milioni mbele ya kamera.

Utafiti wa Wizara ya Maliasili na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, uliotoka 2005 ulijaribu kupiga hesabu ya vitu vyote vinavyotoka kwenye ngitili, kuni, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa, matunda ya porini, ukapata kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini yalikuwa kama dola 8 na nusu. Lakini namba inayonigusa mimi ni nyingine, kwamba muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa 2 mpaka 6 kwa siku. Aliyekulia Shinyanga anajua hiyo maana yake nini, nimemuona bibi yangu anachemshia uji kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na mabua ya pamba, moshi unaingia machoni mpaka anapika kafumba macho, kwa sababu kuni zilikuwa mwendo wa kutoka alfajiri kurudi saa nane.

Ambacho hakisemwi sana ni kwamba ngitili nyingi sio za kijiji, ni za familia. Walipohesabu vijiji 172 walikuta ngitili 18,607, na za pamoja zilikuwa 284 tu. Kwa hiyo tukisema jamii tusiwaze kila kitu cha ujamaa, mara nyingi jamii kazi yake ni kuheshimu mpaka wa jirani, kwamba ng'ombe wako wakiingia kwenye ngitili yangu unatozwa faini na wazee wote wanaona ni haki. Na tukubali pia kwamba aliyekuwa na eneo kubwa na ng'ombe wengi alifaidi kuliko asiye na kitu, masikini alibaki kutegemea zile chache za pamoja.

Sasa msitu unarudije bila kupandwa? Hili swali naulizwa sana, maana tumezoeshwa kwamba kurudisha miti ni kupanda miti, kiongozi anashika jembe, mche unaingia kwenye shimo, picha inapigwa, Septemba ukienda kuangalia umekauka.

Chukua sukuma wiki. Ukichuma majani hung'oi shina, wiki ijayo inatoa tena, kwa nini? Mizizi iko palepale. Sasa miti yetu mingi ya pori, miombo, mininga, migunga, ina tabia hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Mti unakatwa juu lakini chini kuna mizizi ya miaka 30 au 40 iliyoshuka mbali, inajua maji yako wapi. Kisiki kinachipua kila mvua. Kinachokizuia kisikue ni jembe linalofyeka, mbuzi anayekula chipukizi, na moto wa kila mwaka. Nenda kwenye shamba lolote Dodoma au Shinyanga uiname, utaona vijiti vimejikusanya kama kichaka kidogo kinachofika gotini, watu wanakiita magugu, kumbe ni mti uliokatwa mara ishirini na bado haujakata tamaa.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unachagua chipukizi mbili tatu zilizonyooka na zenye afya, zilizobaki unazikata, unapogoa matawi ya chini ili nguvu ipande juu, unafunga kitambaa au kamba ya rangi ili mchungaji na mlimaji wajue hapa kuna mtu anatunza, basi. Dodoma wanaiita Kisiki Hai na jina limekaa vizuri sana. Njia hiyo ilivuma kutokea Niger, eneo la Maradi, kuanzia 1983, ambako Tony Rinaudo kutoka Australia alikuwa amechoka kupanda miche inayokufa mpaka siku akaangalia vizuri vichaka vya jangwani akagundua ni visiki. Wakulima wa kule wamesharudisha miti kwenye mamilioni ya hekta za mashamba yao. Na huko nako ilibidi kwanza mkulima awe na uhakika kwamba mti ulioota shambani kwake ni wake, sio wa serikali, la sivyo nani atautunza.

Sisemi kupanda hakuna maana. Pale ambapo hata visiki vimeng'olewa, au unataka matunda na mbao za haraka, panda. Ila kama visiki vipo anza navyo, ni bure na havihitaji kumwagiliwa.

Twende kwenye pesa, na uongo mwingine mkubwa, kwamba kuhifadhi ni kutokata. Kijiji kikitangaza msitu wake kinaruhusiwa kuvuna kwa mpango wake, na mapato ya msitu huo yanabaki kijijini, hayagawanywi na serikali kuu, ingawa vijiji vingi vinakubaliana kuipa wilaya asilimia kidogo kwa huduma za wataalamu. Kilwa ndo wameonyesha. Kule kuna mpingo, huu wa vinyago vya Wamakonde, na ndo mti unaotengenezea klarineti kwenye bendi za Ulaya, unakaa miaka 70 mpaka 100 na zaidi kukomaa. Zamani mfanyabiashara alikuja na lori akawapa kijiji chochote alichojisikia akaondoka. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, kwa usaidizi wa shirika la MCDI, ikapata cheti cha FSC (alama ya kimataifa kwamba msitu unavunwa kwa utaratibu), cheti cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Kijiji kina nyundo yake ya kugonga alama kwenye gogo, kinajua mti umetoka wapi, na bei kinapanga kikao. Pesa zimeenda kwenye visima, madarasa, huduma za afya.

Hata mkaa, ambao ukiutaja tu watu wanakunja sura. Kilosa, kupitia mradi ulioanza 2012, vijiji viligawa sehemu ya msitu vipande vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti, kinakatwa kimoja kinaachwa cha pembeni, na kilichokatwa kinapumzishwa miaka 24 visiki vichipue. Mchoma mkaa anakuwa mtu mwenye kibali na risiti, sio mtu wa kukimbizana usiku na boda. Mimi naona kumuweka mchoma mkaa ndani ya kanuni kuna akili kuliko kumpiga marufuku wakati watu wengi wa Dar wanapikia mkaa wake.

Na kaboni sasa, tulikoanzia. Hakuna anayeuza hewa na hakuna ardhi inayonunuliwa. Mti unapokua unavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kwenye mwili wake, ukikatwa na kuchomwa inarudi angani. Kampuni inakuja na hesabu: msitu huu kwa kasi ya ukataji iliyokuwepo ungepoteza miti kiasi fulani, kijiji kimeulinda, ile tofauti inapimwa, inahakikiwa, inauzwa kwa makampuni yanayotaka kufidia moshi wao. Vijiji 8 vya Tanganyika vinalipwa kwa sababu hiyo, kwa msitu wa Ntakata ambao ni wa vijiji vyenyewe, na wao ndo wanapanga matumizi. Tangu 2022 kuna kanuni za biashara ya kaboni na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Hatari ipo, na iko kwenye karatasi. Mkataba wa miaka 30 unaosainiwa na watu wawili ofisini ni hatari. Ukiletwa kijijini kwenu ulizeni ni wa miaka mingapi, asilimia ngapi yetu, malisho na kuni zinaendelea au zinafungwa, tukitaka kujitoa inakuwaje, na mkutano mkuu umekaa lini na muhtasari uko wapi. Kijiji ambacho hakijapima mipaka wala kutangaza msitu hakina cha kuingia nacho kwenye hiyo meza, kwa hiyo jibu la "sisi zetu lini" linaanzia hapo.

Yapo yanayoniumiza. Kamati inakaa madarakani miaka kumi, mapato hayasomwi, akina mama wanawekwa kwenye kamati kujaza idadi wakati wao ndo wanajua kila kona ya pori. Kijiji kimoja ninachokifahamu walinzi walikamata lori la magogo usiku, asubuhi likaachiwa kwa simu, na vijana wale hawakurudi doria tena, ungewalaumu vipi?

Na ngitili zenyewe zinakatika. Baba yangu mdogo ana ekari kumi na mbili alizofunga tangu enzi za HASHI, kuna migunga ndani yake sasa huwezi kuizungushia mikono. Ana watoto sita. Mwaka jana tulikaa chini ya mmoja wa ile miti kuzungumzia urithi, wawili walitaka wagawane ekari mbili mbili walime mpunga na choroko, na kwa kweli hawana ardhi nyingine. Yule binti mkubwa akapendekeza isigawanywe, iandikwe kijijini kama ngitili ya familia na kila mmoja apate zamu yake ya kulisha na kuvuna asali. Hawajakubaliana bado. Mzee amesema mpaka mvua zijazo haifunguliwi na haipimwi.